Sweta la mtumba nililolifumua linatoka vipande vipande. Nimekosea wapi?

MwalimuWaUzi, Njombe

Kamwene wapendwa. Kwa wasio wa huku kwetu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njombe, na nafuma. Naomba niseme mapema kwamba sifumi kwa kuuza. Nikikaa kibarazani na sindano zangu hakosi mtu wa kupita akauliza, "Mwalimu, hilo bei gani?" Nikimjibu siuzi, anasimama kidogo kama anayesubiri nibadilishe jibu. Nafuma jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari, nafuma Jumapili baada ya ibada, nafuma kwenye basi nikienda Makambako. Napenda kuona kitu ambacho asubuhi kilikuwa donge la uzi, usiku kimekuwa soksi yenye kisigino.

Aliyenifundisha ni mama. Alikuwa na spoki mbili za baiskeli ya baba. Alizinoa ncha kwenye jiwe mpaka zikawa laini, haziwezi kukwaruza uzi, na upande wa pili alichomeka vipande vya gunzi la hindi ili vitanzi visidondoke. Spoki ni nyembamba, milimita mbili tu, kwa hiyo alichofuma mama kilikaza kiasi kwamba hata maji yalifikiri kabla ya kupita. Nilipofika darasa la tano na kuanza kufuma kwenye sayansikimu, mimi nilikuwa nimeshafuma kofia mbili za wadogo zangu. Mama bado yupo, naishi naye. Macho yamepungua sana, hawezi tena kuhesabu vitanzi, lakini ukimwekea uzi mkononi anakwambia huu ni wa aina gani.

Sasa shida yangu. Uzi ninaoupata madukani ni wa akriliki. Siudharau, una rangi nzuri, unafulika kirahisi na nimefumia vitu vingi. Lakini Njombe ya Juni hadi Agosti mnaijua au mmeisikia. Watoto wanaingia darasani asubuhi mikono ameificha kila mmoja kwapani kwake, na wengi wanaanza kuandika saa mbili na nusu vidole vikishapata moto. Nataka kumfumia mwanangu wa mwisho, ana miaka saba, sweta la sufu halisi ya kondoo. Uzi huo kuupata kwangu imekuwa kazi. Mwalimu mwenzangu akanishauri ninunue masweta ya mtumba ya sufu, niyafumue, nipate uzi.

Nimenunua matatu. La kwanza la pinki, akriliki, nililinunua ili nijaribu tu, nalo lilifumuka vizuri hadi nikashangaa. La pili ndilo lililonivunja moyo. Ni la kiume, kijani cha chupa, lebo yake inasema sufu tupu. Nilikata mshono wa ubavuni kwa mkasi, nikaanza kuvuta kutoka chini kiunoni. Likagoma, kila nikivuta linajifunga fundo. Nikahamia juu mabegani. Hapo likakubali, lakini kila safu inanipa uzi wa mita moja na nusu hivi, halafu umeisha. Navuta mwingine, mita moja na nusu, umeisha. Nilihesabu vipande 140 nikaacha, usiku umekwenda, na mezani nina rundo kama la nyasi.

La tatu hata kulianza sijaweza. Ni zito kama blanketi, nimetafuta vitanzi hata kwa tochi ya simu sivioni, vimeshikana vyote.

Naombeni mnisaidie. Hilo la kijani nimelikosea wapi, na vile vipande nivifanye nini, maana ni sufu nzuri na kuitupa siwezi. Na huo uzi uliofumuka wote umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa baada ya kukaa wiki tatu na mabutu. Unafumwa hivyohivyo au kuna namna ya kuunyoosha?

FundiOvaloki, Mbeya

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani na nina ovaloki ofisini kwangu, kwa hiyo naomba nijibu hilo la vipande peke yake. Ya sindano mbili siyajui.

Katika kufumua hujakosea. Hilo sweta lilishakatwa siku lilipotengenezwa.

Viwandani kuna njia mbili. Njia ya kwanza, mashine inafuma kila kipande kwa umbo lake. Mgongo peke yake, kifua peke yake, mikono peke yake, na ikifika kwapani inapunguza vitanzi kama unavyopunguza wewe kwa mkono. Uzi unakwenda mpaka mwisho wa safu, unageuka, unarudi. Vipande vikikamilika vinaunganishwa ukingo kwa ukingo. Njia ya pili ni ya haraka. Mashine inafuma kitambaa kipana kama jora, mkataji anaweka kipimo juu yake na kukata kama ninavyokata mimi kitenge, halafu vinapita kwenye ovaloki. Ovaloki ina kisu ndani yake, inapunguza pembeni na kushona papo hapo. Kwa hiyo kila safu ya sweta lako ina majeraha mawili, kushoto na kulia, na ukivuta huwezi kupata zaidi ya uzi wa safu moja.

Ukienda tena sokoni ligeuze sweta ndani nje, utazame ubavu. Ukiona nyuzi tatu au nne zimeuzunguka ukingo, kama zilivyo ndani ya fulana, hiyo ni ovaloki, rudisha. Ukiona ukingo msafi umekaa kama msuko na katikati umepita uzi mmoja wa mnyororo, hilo chukua. Angalia na kwapani. Palipopunguzwa vitanzi utaona alama ndogondogo zimepangana zinaelekea begani.

Na huo uzi wa mnyororo usiukate kwa mkasi, Mwalimu, ukiteleza kidogo tu umekata na kitanzi cha sweta. Ule ni mshono uleule wa mfuko wa mbolea. Ukiipata ncha yenyewe unavuta mara moja na mfuko wote unafunguka, ukianzia ncha isiyo yake unajikaza. Ikigoma upande mmoja nenda upande wa pili.

MamaWawili, Dodoma

Dada Mwalimu hongera sana. Mimi nafuma vitambaa vya makochi na vya meza kwa kroshia, sweta kwetu hapa litamsaidia nani. Naomba nikuulize bila ubaya: kwa nini usiuze? Seti yangu moja ya makochi imenilipia ada ya mtoto muhula uliopita. Kwa baridi hiyo yenu sweta la sufu lililofumwa kwa mkono wangeligombania. Kazi ya mikono ni hela, usiiache ilale.

MwalimuWaUzi, Njombe

Fundi, marahaba, na asante mno. Nimekwenda kuligeuza sasa hivi. Nyuzi nne, kama ulivyosema. Na mimi nilijiona sina mkono.

Mama Wawili, hongera kwa hiyo ada, nimefurahi kweli. Nilishawahi kujaribu. Mwaka juzi nilipokea oda ya masweta sita ya watoto, yanatakiwa kabla ya shule kufunguliwa. Niliyamaliza na nililipwa. Lakini kwa wiki zile tano nilikuwa natazama saa kuliko ninavyotazama uzi. Nikikosea kitanzi cha nyuma safu kumi chini, sikurudi kukitengeneza, niliendelea tu, na mpaka leo nikikutana na mmoja wa wale watoto macho yangu yanakwenda palepale kifuani pake kulitafuta lile kosa. Nilipomaliza niliziweka sindano kabatini mwezi mzima bila kuzigusa. Sijawahi kukaa hivyo tangu nikiwa na miaka tisa. Mshahara wangu mdogo lakini upo, na huu uzi ndio sehemu pekee ya siku yangu ambayo hakuna anayeisubiri. Naomba ubaki hivyo.

ShoshoWaLimuru

Mwalimu, pokea salamu kutoka Limuru. Mimi ni shosho wa miaka 71. Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema, na nimemwambia asipunguze neno.

Huyo fundi amekwambia ukweli mtupu. Mimi nimefumua sweta za mitumba tangu wajukuu hawa hawajazaliwa. Nilikuwa nashuka soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, mapema na kurudi na tatu, nne, na wauzaji niliowazoea walishajua kwamba kwanza nitageuza nguo ndani nje. Wacha nikwambie ninavyofanya.

Kwanza usiamini lebo peke yake, na nyingi zimekatwa. Chomoa kauzi kadogo pale ndani ya mshono, kashike na kibanio, ukachome kwa kiberiti pembeni mahali hakuna upepo. Sufu hushika moto polepole, na ukiondoa kiberiti inajizima yenyewe. Harufu yake unaijua, ni ile ya kuku ukimbabua juu ya moto baada ya kumnyonyoa. Jivu lake ni jeusi na ukilibonyeza linasagika. Akriliki inayeyuka, inadondoka, na ikipoa imeacha kishanga kigumu. Usiishike ikiwa moto, itakugandia kwenye kidole. Pamba inawaka haraka kama karatasi na inanuka karatasi.

Pili ni hilo la kuanzia chini. Kitu kilichofumwa kwa sindano hufumuka kutoka pale kilipofungiwa. Pale kilipoanziwa kitakusumbua mpaka ulie. Mikono ya sweta za kiwanda kwa kawaida huanzwa kwenye kifundo cha mkono kupanda juu, kwa hivyo wewe anzia begani ukishuka. Toa shingo kwanza, kisha mikono, kisha utenganishe kifua na mgongo, ndipo ufumue kimoja kimoja. Usifumue mbili kwa siku moja, utachoka na kuanza kuvuta kwa hasira, na uzi wa zamani ukivutwa kwa hasira unakatika.

Tatu, usizungushe donge moja kwa moja. Hapo ndipo wengi huharibu. Uzi uliotoka kwenye sweta una zile kunjo, na ukiufanya donge umezifungia ndani. Geuza kiti, uuzungushe kwenye mgongo wa kiti bila kuukaza, ukimaliza ufunge mahali panne kwa uzi wa pamba wa rangi nyingine, ufunge kama nambari nane ili usijitatize. Utoe kitini. Sasa una kitu kama shada. Liweke kwenye karai la maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uliache nusu saa. Usisugue. Usikamue kwa kupotoa. Na usilitoe kwenye maji ya moto ukalitumbukiza kwenye baridi, kwa sababu sufu ikipata joto, msuguano na mshtuko huo, manyoya yanashikana na hayaachani tena. Ndiyo yaliyompata yule wa tatu uliyemtafuta vitanzi kwa tochi. Kuna mtu alimfua kama anavyofua jinzi. Suuza kwa maji ya vuguvugu vilevile, ufunike shada kwa leso kavu, yaani khanga, ulikandamize litoe maji, kisha ulitundike kivulini. Chini yake ning'iniza chupa ya nusu lita yenye maji nusu. Si kizito zaidi ya hapo, sufu iliyolowa hunyooka ukiilazimisha, na baadaye sweta litarudi nyuma ukilifua. Sisi hapa Julai ni ukungu mtupu, shada linachukua siku tatu kukauka. Kwenu naona itakuwa hivyohivyo. Ukishuka kulitazama kila asubuhi utaona zile kunjo zinakwisha moja moja. Mimi huo ndio wakati ninaoupenda kuliko hata kufuma.

Vile vipande vya kijani usitupe hata kimoja. Mita moja na nusu ni uzi. Sufu ina neema ambayo akriliki haina: inajiunga yenyewe. Chukua ncha mbili, uzichambue kidogo zitengane, uzipishanishe kiasi cha urefu wa kidole, uzilowanishe, uziweke kwenye kiganja na usugue kwa nguvu mpaka usikie joto. Zikishika, vuta uone. Hakuna fundo. Mama yangu alilowanisha kwa mate na mimi hutumia mate. Kama sufu yenyewe ni ile iliyotengenezwa isirudi nyuma kwenye mashine ya kufulia, haitashika, hiyo itabidi ufunge fundo. Jaribu kwanza ncha mbili. Usiunge vyote 140, utamaliza viganja. Unga vya kutosha mistari ya kofia, na vinavyobaki ukate viwe matamvua ya shali.

Na yule aliyeshikana, furahi naye. Sweta iliyoshikana hivyo unaikata kwa mkasi na haifumuki. Weka mguu wa kijana juu yake, chora kwa chaki, kata, umepata soli za kuweka ndani ya viatu vya shule. Hakuna kitu kinachoshinda hiyo kwa baridi ya sakafu.

Uzi wa kiwanda ni mwembamba, kwa hivyo unganisha nyuzi mbili ufume pamoja. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha vitanzi 30, ukiloweshe, kikauke, ndipo upime sentimita 10 za katikati uhesabu vitanzi. Wanaoruka hapa ndio wanaofumia mtoto wa saba wakamvisha wa kumi.

Kuhusu kuuza. Huyo mama wa Dodoma ana haki yake na wewe una yako. Nilifuma sweta za shule kwa mashine miaka mingi na ndizo zilizosomesha baba ya huyu anayeandika. Sikuwahi kuona hiyo mashine ni burudani. Leo nafuma kwa mkono, polepole, na sitaki mtu aniulize iko tayari lini.

BiKofia, Unguja

Assalaam aleikum Bi Mwalimu, na Shosho wetu huko Limuru Mungu akupe umri.

Mimi sindano yangu ni moja tu na uzi wangu wa pamba. Nashona kofia, hizi za mkono za vitundu. Vipande vyake ni viwili, duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kitambaa cheupe, unachora ua lako, unatoboa, na kila kitundu unakizungushia uzi mpaka ukingo wake unyanyuke na ukae kama punje ya mtama. Mtu asiyejua akiiona anadhani ni ya kumaliza kwa wiki. Mimi inanichukua miezi, kwa saa zile nnazozipata baada ya alasiri, mwanga ukiwa wa upande.

Nnashona za watu na zinanilisha. Lakini siku zote ninayo moja ambayo haina mwenyewe wa kuja kuiuliza. Sasa hivi ni ya mwanangu, ataoa inshallah. Ya mteja kitundu kikienda upande kidogo nnakiacha, jicho lake halitafika hapo. Hii ya mwanangu juzi nimetengua ua zima kwa ajili ya vitundu vitatu, na sikuona tabu. Nilikaa nikitoa uzi mmoja mmoja na adhana ya magharibi ikanikuta hapo. Kwa hiyo uliposema hakuna anayeisubiri, nilikufahamu.

Jambo moja la faida. Sufu ina adui, mdudu nondo. Pamba yangu haili, akriliki haili, lakini sufu watoto wake wanaila na wanapenda zaidi nguo yenye jasho. Mtumba umekaa sana ndani ya belo kabla haujafika kwako. Usiliingize sweta kabatini bila kulifua, hata kama utalifumua mwezi ujao. Likishakauka lifunge kwenye mfuko usiopitisha kitu. Sisi hutia na karafuu ndani ya kitambaa, harufu yake peke yake nnaipenda.

MwalimuWaUzi, Njombe

Wapendwa, zimepita wiki tatu, nimerudi kuwaambia.

Jumamosi ile nilikwenda Makambako. Nilifika wakati belo linafunguliwa, nikawa nageuza masweta ndani nje moja baada ya jingine. Muuzaji, kijana, akaniuliza, "Mama unatafuta nini huko ndani?" Nikamwonyesha mshono wa ovaloki na nikamweleza kisu. Basi akawa ananisaidia, analigeuza mwenyewe, ananiuliza, "Hili je?" La kumi na moja au la kumi na mbili likawa la kijivu, la kiume, kiwiko kimoja kimetoboka, na kwapani nikaziona zile alama zimepangana kuelekea begani. Halina lebo. Kwa sababu ya kile kiwiko alinipunguzia bei.

Nililifua jioni ileile, Bi Kofia, kabla halijaingia chumbani. Kisha nikamwekea mama mapajani bila kusema neno. Alilipapasa, akalinusa, akaminya ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada. Akasema, "Hii kondoo." Nilichoma kauzi hata hivyo, kwa ajili ya kuona. Kalijizima kenyewe, na harufu ikawa ya kuku kabisa. Mama akacheka, akasema sasa umeamini.

Mshono wa mnyororo ulinisumbua nusu saa. Upande wa kwanza uligoma. Nilipobadilisha upande, nikakata kitanzi kimoja tu cha mwisho na kuvuta, ubavu mzima ulifunguka kutoka kiunoni hadi kwapani kwa sauti ile ya mfuko wa mbolea. Fundi, niliita watoto waje waone. Nikaurudia ubavu wa pili polepole ili nisikie tena.

Kufumua tumefanya wawili. Mimi navuta, mama ameshika kiti mbele yake anazungusha. Hahitaji macho kwa kazi hiyo. Uzi ukitaka kukatika analijua kabla yangu, anasema "polepole hapo", na kweli natazama naona pamechakaa. Tulichukua jioni nne. Kiwiko kilichotoboka tulikiruka tukaunga kwa kusugua kiganjani, na mama amechukua pia vile vya kijani, kila jioni anaunga vichache akiwa anasikiliza redio. Amefikisha donge la ukubwa wa chungwa na ukilipitisha vidoleni huwezi kusema unganisho liko wapi.

Yale mashada yalining'inia kwenye kenchi ya jikoni siku nne na chupa zake. Kunjo zimekwisha, Shosho. Nilipeleka uzi wote dukani kwa jirani akanipimia kwenye mizani ya sukari, gramu 410. Kwa mtoto wa miaka saba nadhani utabaki wa kofia.

Mume wangu amenichongea sindano mbili za mianzi, tumezipima unene milimita 4, amezipiga msasa wa mwisho kabisa halafu akazipaka nta ya mshumaa. Haziteremshi vitanzi kama spoki na hazina ubaridi ule wa chuma asubuhi. Nilifuma kipande cha majaribio kwa nyuzi mbili, nikakilowesha, kikakauka: vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kifua cha kijana ni sentimita 64, nikaongeza 6 ili apumue na avae shati ndani, jumla 70. Nusu yake 35. Nimeanzisha vitanzi 77 vya mgongo, na sasa nimefika sentimita 14 kutoka chini.

Viatu vya shule vina soli mpya za lile lililoshikana. Mwenyewe alizivaa siku ya kwanza, akaenda, akarudi kutoka getini kuniambia miguu inapumua moto.

Limebaki swali moja. Ule ukingo wa kubana wa chini nimeufuma umetulia. Lakini tangu nianze sehemu tambarare, mbele safu moja, kinyume safu moja, pande zote mbili zinajikunja kuelekea nyuma kama jani la mgomba jua likiliwakia. Na spoki za mama sikumbuki kuliona hili, labda kwa sababu ilikuwa imekaza sana. Itatulia, au nimekosea tena mahali?

ShoshoWaLimuru

Hujakosea. Ufumaji huo tabia yake ni hiyo, ubavu hukunjika kwenda nyuma, na juu na chini hukunjika kuja mbele. Ndiyo maana sweta huanzwa kwa ukingo wa kubana. Endelea hivyohivyo hadi mwisho. Ukimaliza vipande vyote vinne, viloweshe, vitandike kwenye godoro juu ya leso, uvinyooshe kwa mkono mpaka vipimo vyako, uvibane kwa pini kila sentimita tatu na uviache vikauke hapo bila kuvigusa. Ndipo uunganishe. Ubavu ukishashikana na ubavu mwenzake hakuna pa kujikunja tena.

Mjukuu anasema nimalize kwa sababu ana mtihani kesho. Mwambie mama yako kwamba mimi pia niliwahi kufumia spoki, na pale mwisho niliweka kizibo cha chupa. Gunzi sikulifikiria.